Moja, Nne, Tatu, Mbili

Kuifungua Volkswagen Beetle ya baba, ya mwaka 1971, kulinichukua Jumamosi mbili. Kuifunga, miaka mitatu.

Nilijiona nimejipanga. Nati na bolti nilizitia kwenye makopo, kila kopo na karatasi yake. Nyaya za plagi nilizizungushia gundi ya karatasi na kuziandika namba kwa kalamu ya wino. Baadaye, kwa bidii tu, nikazifuta kwa petroli ziwe safi. Namba zote zikaondoka na uchafu.

Siku ya kupandisha injini ilianza vizuri. Nati nne tu ndizo zinazoishika kwenye giaboksi, ila injini yenyewe ina zaidi ya kilo 100, na shafti ya giaboksi lazima iingie katikati kabisa ya klachi pleti. Mimi chini na jeki, kaka yangu juu anazungusha puli kidogo kidogo, gari likiwa kwenye gia. Panda, shuka, panda tena. Halafu pengo likajifunga lenyewe, taratibu kama droo. Nikabaki pale chini nacheka peke yangu huku oili ikinidondokea sikioni.

Jioni nikakalia ndoo niliyoipindua mahali pa kiti cha dereva, nikapiga swichi. Ikawaka, lakini kuwaka gani kule! Gari zima linatetemeka, kabureta inatoa milio kama ya risasi. Nikarekebisha pointi. Nikabadilisha plagi. Nikaishusha kabureta, nikaisafisha, nikairudisha. Maskini kabureta, haikuwa na kosa lolote.

Baba alikuwa ameketi pembeni tangu asubuhi. Hakuwa fundi, gari hilo aliliendesha tu, miaka ishirini. Akainuka na kikombe chake cha maji, akachovya vidole, akanyunyizia bomba la ekzosi la upande wa kulia. Maji yakachacharika na kupotea. Akanyunyizia la kushoto. Yakatiririka tu mpaka chini.

"Upande huu umelala," akasema.

"Lakini baba, moto upo kwenye plagi zote. Nimepima."

"Kuwepo upo. Unafika kwa zamu yake?"

Nikaduwaa. Ufundi wangu wote niliupatia kwenye injini za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ambazo nyingi silinda zake huchoma kwa zamu hii: moja, tatu, nne, mbili. Mikono ilikuwa imezoea, ikachomeka nyaya hivyo hivyo bila kuniuliza. Beetle huchoma moja, nne, tatu, mbili. Silinda ya tatu na ya nne zote ziko kushoto, na nilikuwa nimeziibia zamu.

Kubadilishana nyaya mbili ni kazi ya nusu dakika. Nikarudi kwenye ndoo yangu, nikapiga swichi, na ule mlio wa kukereza niliokuwa nikiusikia utotoni, baba akiwa bado kona ya pili kutoka nyumbani, ukajaa uani.

Baba akamwaga maji yaliyobaki kikombeni. Akachungulia ndani, akaitazama ile ndoo.

"Kiti changu kiko wapi?"

Kilikuwa chini ya kitanda changu, springi tupu.