Kumtafuta Babu wa Babu Yangu, Freretown na Rabai

Nilifika Mombasa nikiwa na jina la ubatizo la babu wa babu yangu, pamoja na kauli ya wazee kwamba alikuwa Myao aliyekombolewa baharini akiwa mtoto. Zaidi ya hayo, ukoo wetu haukuwa na habari zake.

Nilianzia Freretown, ng'ambo ya daraja la Nyali, ambako wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza, walianzisha makazi ya waliokombolewa mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Watu waliokutwa ndani ya majahazi yaliyokamatwa na manowari za Uingereza walikuwa wametolewa mbali bara, na watoto hawakuweza hata kueleza njia ya kwao. Ndiyo sababu walitafutiwa makazi pwani. Kengele ya kijiji ingali kando ya barabara, na mahali hapo panaitwa Kengeleni.

Katika daftari la ubatizo nililoonyeshwa, majina ya Biblia yanajirudia mno, hivyo ilinibidi nimtambue kwa wasimamizi wake wa ubatizo, ambao baba aliwahi kunitajia. Nafasi ya wazazi ilikuwa tupu, kwake na kwa wenzake wote wa ukurasa ule, na niliukalia ukurasa huo muda mrefu kuliko mwingine wowote. Penye kabila aliandikwa Mnyasa. Hapo nawaamini wazee wetu kuliko karani, kwa sababu watu wa pwani waliwaita kwa jina la Wanyasa watu wengi waliotoka upande wa Ziwa Nyasa, wakiwemo Wayao.

Daftari la ndoa ndilo lililonipeleka Rabai, kwa kupitia Mazeras, kwa kuwa mke wake ametajwa kuwa wa huko. Rabai ni kituo cha wamisionari wa CMS Krapf na Rebmann cha tangu miaka ya 1840, lakini kwetu uzito wake uko kwenye watoro, yaani watu waliokimbia mashamba ya mabwana zao na kujificha misheni. Mabwana walipowadai, George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Bibi mmoja wa Rabai, ambaye mama yake na baba wa babu yangu walikuwa ndugu tumbo moja, aliitikia shikamoo yangu kisha akaniketisha barazani. Alimwona bibi yake, mke wa huyo ninayemtafuta, na anakumbuka akisimulia kwamba alikuwa miongoni mwa waliopewa hati siku ile. Kisha akanitajia watoto wao wote, pamoja na wawili waliofariki wadogo ambao hakuna daftari lililowaandika, akinisubiri niandike kila jina kabla ya kutaja jingine.