Kufundisha Kihispania bila kupitia Kiingereza

Vitabu vingi vya Kihispania vinavyotufikia vimeandikwa kwa msomaji wa Kiingereza. Mwalimu anayevifuata ukurasa kwa ukurasa anajitwisha mzigo usiomhusu, kwa sababu mtoto wa Kiswahili ana irabu tano zilezile za Kihispania na amekwisha zoea upatanisho wa ngeli.

Sauti zipewe vipindi viwili tu. Ñ ni "ny" ya nyama, h haitamkwi, j ni "kh" ya wanaosema kheri. Kazi ipo kwenye r. Pelo (nywele), pero (lakini) na perro (mbwa) yasomwe kwa sauti dakika tano kila kipindi, hasa darasa lenye wanaochanganya r na l. Mkazo nao: neno linaloishia na irabu, n au s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Yanayoishia na konsonanti nyingine hukazwa mwishoni: hablar (kuongea), ciudad (mji). Hapo watoto huongeza irabu wakasema "ablari". Alama ya mkazo ndiyo inayotangaza kwamba kanuni imevunjwa: papá ni baba, ila papa, huko Meksiko, ni kiazi.

Ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa", huwatesa Waingereza. Sisi tuanze na "ni" kwa ser, "yuko" kwa estar, kisha tuongeze -me- ya hali: amechoka, está cansado, mlango umefungwa, la puerta está cerrada. Mtego ni mahali pa tukio. Sherehe iko shuleni, lakini husemwa la fiesta es en la escuela (es ni ya ser).

Kwa gustar, kitenzi cha kueleza unachokipenda, usitumie "napenda", utavuna kosa la "yo gusto mangos". Tumia kupendeza: embe linanipendeza, me gusta el mango, maembe yananipendeza, me gustan los mangos. Kitenzi kinapatana na kitu kinachopendeza, basi.

Saa huharibu mitihani. Saa moja asubuhi ni son las siete ("ni saba"), na mtoto huandika es la una ("ni moja"). Chora saa ya mishale, atamke namba ambayo mshale mfupi umeigusa.

Utamaduni usianzie kwenye kofia pana za Meksiko. Anza na Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968. Kujua kwamba kuna Waafrika wanaosoma shule kwa lugha hiyo kunatosha kuamsha darasa. Halafu kila mmoja aandike jina lake kwa majina mawili ya ukoo, la upande wa baba kisha la upande wa mama.

Mwisho pikeni tortilla ya Hispania (ya Meksiko ni mkate mwembamba wa mahindi). Mayai 6, viazi nusu kilo, kitunguu kimoja, chumvi. Watasema ni chipsi mayai, na hawako mbali. Tofauti ni moto: viazi vikatwe vyembamba, vilainike polepole ndani ya mafuta mengi, vichujwe, vikae dakika kumi kwenye mayai yaliyopigwa ndipo virudi kikaangoni. Moto ukiwa mkali viazi hukauka, havinywi yai, na tortilla hukatika unapoigeuza kwa sahani.