Kumbukumbu ya mradi: Mbuzi iuzwe ama ibaki

Februari 4

Binti yetu Nabwire amechukuliwa ile shule ya bweni aliyoandika namba moja, anaingia Senior One (kidato cha kwanza), tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna posa, alafu mama Nabwire akafungua karatasi ya shule na kelele zikaisha zenyewe. Ada, godoro, sanduku la bati, rimu mbili za karatasi, fagio tatu (shule zetu na fagio bana, sijui huwa wanazipeleka wapi), yunifomu, jumla yote shilingi za Uganda 1,640,000. Mkononi nina laki nne na kitu. Kwa hiyo pikipiki moja inaondoka, na kila mtu hapa nyumbani alishajua ni ipi kabla sijafungua mdomo, wote waliangalia nje pale chini ya mwembe.

Pale inakaa Yamaha AG100. Kwa wasioijua, ni pikipiki ya shamba, hiyo AG yenyewe ni ya kilimo, injini ya tustroki (ile inayochoma oili pamoja na petroli) 97cc, keria mbele, keria nyuma, na cheni imefunikwa yote ndani ya kava kwa hiyo matope hayaioni. Hapa Uganda ukiiona unakumbuka watu wa chanjo na mabwana shamba wa miradi. Yangu niliinunua 2011, mradi mmoja ulikuwa unafunga wakauza vitu vyao vya zamani, nikatoa laki tisa na bado watu wakanicheka. Ikiwa inanguruma chini chini inalia mbe-mbe-mbe, ndo maana watoto wa Lumino waliipa jina la Mbuzi, na mi mwenyewe sa hii nikiiita Yamaha naona kama nimeita mtu kwa jina la kwenye kitambulisho.

Ya pili ni Boxer 150, niliichukua kwa mkopo 2018, haina neno. Haina neno lolote, hiyo ndo shida yake.

Februari 6

Nimetoa habari stejini, pale wanaposimama boda, kwamba Mbuzi inauzwa na kufika saa nne wateja wawili. (Hapa ni Busia, boda boda ilizaliwa hapa hapa kwenye mpaka, mtu anakubeba na baiskeli kutoka upande wetu mpaka upande wa Kenya, kwa hiyo habari ya pikipiki haichelewi.)

Wa kwanza ni mzee wa Majanji anayebeba mukene (dagaa). Hakuangalia injini, alishika keria ya nyuma akaitikisa kwa mikono miwili kama mtu anayejaribu kitanda dukani, akasema milioni moja na laki mbili, keshi, sa hii. Wa pili kijana wa Kampala, alipata picha kwa simu, anataka kuitengeneza iwe mpya aende nayo matembezi na wenzake, yeye amesema 1,600,000, lakini anataka logibuku (kadi ya umiliki) iwe kwa jina langu kwanza. Hapo kimya. Logibuku bado iko kwa jina la ule mradi uliofunga, mi nina barua yao ya mauzo na risiti tu, miaka yote hii najiambia nitaenda kubadilisha na sijaenda. Kosa langu hilo, silisingizii mtu.

Februari 8

Sa inabidi niseme ukweli kuhusu hali yake, maana siwezi kumuuzia mzee wa watu kitu ambacho najua kinaumwa.

Asubuhi inawaka vizuri. Ukishaenda kama kilomita nane, injini ikapata moto, unaachia mkono wa gesi lakini yenyewe haishuki, inabaki juu inalia kama nyuki waliochokozwa, mpaka uibane na gia ndo inatulia. Nilitoa plagi nikaikuta nyeupe kama mfupa. Nilifikiri kabureta, nikaiosha mara mbili, jeti nikapuliza, wapi.

Nikaenda kwa fundi mmoja barabara ya Tororo, hakupoteza muda, akasikiliza dakika moja akasema pistoni imekwisha, bloku inataka kuchongwa, 450,000. Nikamuuliza umepimaje, akanijibu (mi hapa naitwa dokta, kazi yangu ni ng'ombe), "Dokta, mi sikuulizi ng'ombe umempimaje."

Jibu zuri, nikacheka, lakini nikapanda Mbuzi yangu nikarudi nyumbani.

Februari 10, usiku

Leo nimekaa nayo mwenyewe. Tustroki inavuta hewa na petroli kupitia tumboni kwanza, chini ya pistoni, ndo mchanganyiko unapanda juu kuchomwa. Kwa hiyo zile sili mbili (pete za mpira) za krenki, hicho chuma kinachozungushwa na pistoni, ya kushoto na ya kulia, zina kazi kubwa kuliko kwenye Boxer, si kuzuia oili tu. Ya kushoto iko nyuma ya magneto (inayotoa umeme, na flaiwili yake ya sumaku), ikichoka inavuta hewa ya bure kutoka nje, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, injini inapanda yenyewe na inachemka, na ukiiacha hivo ndo kweli pistoni itakufa na yule fundi atakuwa amesema kweli. Ya kulia iko upande wa klachi, hiyo ikichoka inanyonya oili ya gia, unaona moshi mweupe mwingi na oili inapungua bila kumwagika popote.

Nilifungua kava ya kushoto, nikaiwasha mpaka ikapata moto ikaanza kulia juu, nikachukua ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati nikapuliza kidogo tu kupitia matundu ya flaiwili. Sauti ikabadilika hapo hapo. Nikaacha, ikapanda tena. Nikapuliza, ikashuka. Nilifanya hivo mara nne peke yangu chini ya taa ya simu nikiwa nafurahi kama mtoto, mama Nabwire akatoka akaniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Februari 12

Fundi Ouma alikuja nyumbani, huyu ni kijana wangu tangu zamani, mikono yake mizuri ila ana ugonjwa wa nyundo. Flaiwili imekaa kwenye krenki kwa nguvu, huwezi kuivuta na mikono, akanyanyua nyundo nikamshika mkono.

"Dokta, kidogo tu."

"Ouma, ukiigonga utapasua sumaku ama upinde krenki, na krenki hiyo hatuipati Busia, hatuipati Mbale, labda tuzunguke Kampala wiki nzima."

"Basi tufanyeje?"

Tulifanya hivi, tulipanda Boxer tukaenda kwa mtu wa mashine ya lezi upande wa Malaba, tukamchorea, akatuchongea pula, kifaa cha kuvutia flaiwili, kwa 25,000. Tukarudi, tukafunga, mizunguko miwili ya spana, tak, flaiwili ikatoka kama kifuniko cha sufuria. Ouma akaiangalia ile pula muda mrefu akaniuliza kama naiuza.

Sili yenyewe ilikuwa imekauka, mdomo wa ndani mgumu kama kwato. Kuitoa bila kukwaruza chuma, unapiga skrubu ndogo mbili kwenye uso wake, unazivuta na koleo pole pole, moja huku moja kule. Usoni imeandikwa namba tatu, tundu la ndani, upana wa nje, unene, ukienda na hizo namba duka la beringi wanakupa bila kuuliza ni ya pikipiki gani. Shilingi 8,000. Elfu nane! Nilikuwa nimeshaambiwa laki nne na nusu.

Silensa pia nilifungua, lile bomba la ndani lilikuwa limejaa makaa ya oili, nikalikwangua, uchafu ulijaa kibakuli.

Kwa sababu tulifungua mpira wa oili na hewa iliingia kwenye pampu inayoipa injini oili, sikuiamini siku ya kwanza, nikachanganya oili ndani ya tangi pia. Moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kila lita, na sindano zangu za kazi ni za mililita 20, kwa hiyo lita tatu sindano tatu. Sindano mpya, msiogope.

Imetembea kilomita kumi na tano na nimeachia gesi na imeshuka. Mbe-mbe-mbe.

Februari 14

Sa ndo shida imeanza, maana imepona.

Kazi yangu ni uhimilishaji, mi ndo yule dokta anayekuja na chupa badala ya dume. Mbegu zinatoka kituo cha taifa kule Entebbe, zinakaa ndani ya naitrojeni ya maji, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri, na ile flaski ya lita tatu ninayotembea nayo roho yake iko shingoni, tangi la ndani limening'inia kwenye shingo tu, mitikiso mingi inaipasua na ikipasuka umepoteza flaski, naitrojeni na mbegu zote siku moja. Kwenye Boxer niliunganisha keria ya kuchomelea, iko juu sana na inarukaruka. Kwenye Mbuzi keria ni pana kama meza, kasha la mbao limekaa pale tangu 2013, nimelizungushia vipande vya tyubu, flaski inasimama wima kama bwana harusi.

Alafu ng'ombe hasubiri. Akionekana na joto, yaani anataka dume, asubuhi unampandisha jioni, akionekana jioni unampandisha kesho asubuhi, ukichelewa umekula pesa ya mtu bure na ndama hakuna. Kwa hiyo pikipiki inayoondoka si ile nisiyoipenda ama ninayoipenda, ni ile ambayo hata ikiondoka mi bado nitafika Buteba mvua ikinyesha.

Lakini nisijidanganye, hesabu ya mafuta naiandika hapa ili baadaye nisije nikasema sikujua. Mbuzi na mzigo wangu inakula lita moja kwa kilomita 30, Boxer 45. Mwezi natembea kama kilomita 880. Mbuzi lita 29, Boxer lita 20, tofauti lita tisa kwenda kumi, kwa elfu tano ni kama 49,000, ongeza oili ya tustroki kama 10,000. Karibu elfu sitini kila mwezi kwa kuipenda Mbuzi. Spea za Boxer ziko kila duka mpaka kwa muuza sukari, za Mbuzi unatembea na namba kwenye karatasi.

Nilimwonyesha mama Nabwire hiyo hesabu nikitegemea aseme uza Mbuzi tupumzike. Akachukua kalamu.

"Mbuzi ikienda tunapata ngapi?"

"Milioni na laki mbili. Yule wa Kampala hatanunua bila logibuku."

"Na Boxer?"

Sikuwa nimeuliza hata. Yaani wiki nzima nazunguka na bei za kitu kimoja.

"Baba Nabwire, na muhula wa pili utauza nini? Mwembe?"

Februari 16

Boxer nimeiuliza stejini, kabla ya chakula cha mchana nina watu watano. Imeenda 3,500,000, kijana wa steji, nusu yake amekopeshwa na sako yao (chama cha akiba na mikopo), logibuku iko kwa jina langu tukaandikishana siku hiyo hiyo mbele ya mwenyekiti wa LC1, serikali ya kijiji. Alipoipiga stata ya umeme ikawaka mara moja kama kawaida yake, na goti langu la kulia likakumbuka kwamba kuanzia kesho ni kupiga kiki. Nilisikia uchungu kidogo. Sikutegemea.

Mzee wa Majanji nilimpigia simu mwenyewe nikamwomba msamaha. Akauliza basi nimpe keria peke yake. Hapana mzee.

Pesa: muhula wa kwanza wote, wa pili umewekwa kando, tairi mpya ya nyuma, na laki moja ya kushughulikia logibuku ya Mbuzi. Hiyo laki mama Nabwire ameificha mwenyewe, anasema akiniachia itakuwa tairi ya mbele.

Februari 22

Nabwire amepelekwa shule. Sanduku, godoro na fagio tatu kwa Mbuzi mpaka kituo cha taksi, yeye nyuma ameshika godoro. Ameniambia, "Baba ukifika karibu na geti la shule siku ya wazazi, izime mbali." Sawa mama.

Machi 11

Mvua ya kwanza ya kweli. Simu saa kumi na moja jioni, ng'ombe wa mzee Wandera mbele ya Lumino ameonekana na joto tangu asubuhi, walisahau kupiga, hawa watu bana. Mpaka Lumino ni lami sa hii, hiyo barabara mpya ya Musita ilitupa raha, lakini ukiacha lami kwenda kwake ni ule udongo unaoshika tairi kama ugali wa muhogo. Boda wawili walikuwa wamesimama njiani wanachokoa matope kwenye cheni na vijiti. Cheni ya Mbuzi iko ndani ya nyumba yake, nilipita gia ya pili miguu imening'inia pembeni kama mizani, nimeanguka mara moja lakini upande wa kushoto na pole pole, flaski nimeishika na kiwiko. Hakuna kilichomwagika.

Ng'ombe nimempandisha saa kumi na mbili na dakika kumi. Mzee Wandera akanipa chai na viazi, akasema alinisikia tangu niko kwa kanisa.

"Dokta, ile nyingine nyeusi ulipeleka wapi?"

"Imeenda shule, mzee."

Machi 14

Nimekagua baada ya kilomita 600 tangu sili ibadilishwe. Plagi iko kahawia, rangi ya chai ya maziwa, safi kabisa. Sauti inashuka kila nikiachia gesi. Oili ya gia imepungua chini ya alama, kidogo, na hakuna tone chini ya mwembe. Asubuhi moshi ni mweupe zaidi ya kawaida dakika mbili za kwanza.

Sili ya kulia, basi. Namba nitazisoma Jumamosi nikifungua klachi. Ouma ameshauliza kama pula itahitajika.