Ratili ya halua

Nyanya yangu anaponituma halua Mji wa Kale husema nimletee ratili moja, na sijawahi kumsikia akitamka nusu kilo. Muuzaji naye haulizi. Hukata kipande kwenye sinia, akakiweka kwenye mizani mkabala na jiwe la gramu 500, kisha akamegamega pembeni mpaka pande mbili zilingane. Ratili ni takriban gramu 454, kwa hiyo nyanya hupata gramu 46 za ziada, ingawa nashuku kwamba bei imekwisha kuzihesabu.

Neno hili tumelipokea kutoka kwa Waarabu, wanaosema ratl, nao walilipata kwa Wagiriki kupitia Kiaramu. Kwa Wagiriki lilikuwa litra, jina la kipimo cha uzito, na katika safari hiyo L na R zikapishana. Litra hiyohiyo ilishika pia njia ya Ulaya, ikaingia Kilatini cha zama za kati, ikawapa Wafaransa litron, kipimo chao cha ujazo, na mwaka 1795, walipoweka mfumo wa metriki, wakaunda kutokana nayo neno ambalo sisi tunalitamka lita. Basi anayetoka dukani na ratili ya halua na lita ya maziwa amebeba neno moja mara mbili: moja limeletwa na majahazi ya kaskazi, la pili limezungukia Paris.

Kiasi chenyewe hakikuwa kimoja kila mahali. Ratl ya Misri ilikaribiana na yetu, ilhali ya Damascus ilizidi kilo moja na nusu, na bila shaka mfanyabiashara aliyesahau jambo hilo alijuta. Huku pwani ratili iligawanywa kwa wakia 16, na wakia moja ilikaribia uzito wa dola ya fedha ya Maria Theresa, yaani gramu 28 na ushei. Kwa mizigo mikubwa kulikuwa na frasila, ambayo ni ratili 35 hivi.

Wapo wanaosema pauni badala ya ratili, nami sioni sababu. Pauni kwetu ni pesa, na wazee wa Mombasa wangali wakiita shilingi 20 pauni moja. Waingereza ndio waliolazimika kutumia neno moja kwa fedha na kwa nyama, ilhali sisi tulikuwa na mawili tayari.

Mdogo wangu alipozaliwa, muuguzi alitutajia kilo tatu na gramu mia mbili. Nyanya alinyamaza kidogo akihesabu kwa vidole, kisha akamgeukia jirani yetu aliyekuwa akisubiri mlangoni, akamwambia: “Ratili saba, mashallah.”