Treda mwanagenzi: ada, ngazi ya bei na kikomo cha siku

Kampuni inayotredi, yaani inayonunua na kuuza sokoni ili ifaidi tofauti ya bei, kwa fedha zake yenyewe haina wateja. Ikipata imepata, ikila hasara imekula yenyewe. Ndiyo maana mwanagenzi akikalishwa kwenye dawati, jicho la meneja wa hatari linakwenda kwanza kwenye hasara zake: zina ukubwa gani, na zilikatwa wapi. Faida ya wiki ya kwanza haimbabaishi mtu.

Kampuni hizi hazifanani. Amsterdam kuna Optiver, IMC na Flow Traders, ambako unaajiriwa kwa mshahara, unapimwa hesabu za kichwa kabla ya lolote, na kazi kubwa ni kutoa bei za kununua na kuuza kwa msaada wa programu za kompyuta. London na Chicago zipo pia kampuni ndogo za fyucha, yaani mikataba ya kununua au kuuza kitu siku ya mbele kwa bei ya leo: unapewa kiti, skrini na kibali cha loti 1 (mkataba mmoja), na unalipwa mgao wa faida yako. Nitakaa na hizi za pili, maana huko mwanagenzi anabofya oda (agizo la kununua au kuuza) kwa mkono wake.

Ulaya, soko la kujifunzia mara nyingi ni Bund, fyucha ya hati fungani za serikali ya Ujerumani zilizobakiza miaka 8.5 hadi 10.5, kwenye soko la Eurex. Mkataba mmoja ni wa euro 100,000, na bei husogea kwa 0.01. Hatua hiyo ndiyo tiki moja, nayo ni euro 10. Umenunua loti 1 kwa 131.42, ikashuka hadi 131.38, umepoteza euro 40. Chicago wengi huanzia E-mini, fyucha ya faharasa ya hisa za Marekani ya S&P 500: tiki ni pointi 0.25, thamani yake dola 12.50. Tangu 2019 kuna Micro, ambayo ni sehemu yake ya kumi, dola 1.25 kwa tiki.

Sasa weka ada. Tuchukulie ni euro 2 kwa kuingia na kutoka. Inaonekana si kitu, lakini ipige hesabu. Anayelenga tiki 1 na kukata hasara (kufunga biashara inayopoteza) kwa tiki 1 anaondoka na euro 8 akishinda, na anatoa 12 akishindwa. Anahitaji kushinda mara 60 kati ya 100 ili tu asipate wala asikose. Akilenga tiki 2 na kukata kwa 2, ni mara 55. Kwa tiki 4, ni 52.5. Wanagenzi hupenda tiki moja moja kwa sababu zinaonekana rahisi kuokota, na hapo ndipo ada inapowamaliza. Mwenye kuingia na kutoka mara 40 kwa siku ameshatoa euro 80 kabla hajahesabu chochote, na bado hajalipa ada ya dawati ya mwezi: programu, data ya bei, kiti. Fanya hesabu hii kwa ada halisi za kampuni yako siku ya kwanza.

Kikomo cha hasara cha siku nacho ni hesabu. Tuseme umewekewa euro 150. Ukikata hasara kwa tiki 4, kila jaribio likishindwa linakula euro 42 pamoja na ada. Matatu yanakula 126, na la nne halina nafasi. Kwa hiyo una majaribio matatu mabovu kwa siku, basi. Anayelijua hilo saa mbili asubuhi hulitunza la tatu. Asiyelijua hupoteza mawili katika nusu saa ya kwanza, kisha la tatu anaisogeza oda ya kukata hasara mbali zaidi “ili bei ipumue”, na jaribio moja linabeba hasara ya mawili. Meneja anayaona yote hayo kwenye rekodi, kwa sababu kila oda iliyosogezwa ina saa yake. Kufungiwa na mfumo kwa kufikia kikomo si aibu. Kinachokugharimu kibali ni kusogeza oda.

Skrini utakayoishi nayo ni ngazi ya bei. Safu ya katikati ni bei. Kushoto idadi ya loti zinazosubiri kununua, kulia zinazosubiri kuuza. Unabofya kwenye bei na oda imeshakwenda, hakuna swali la “una uhakika?” Makosa ya mwezi wa kwanza yanatoka hapa kuliko kwenye uchambuzi. Kisanduku cha idadi kimebaki kwenye 5 wakati kibali chako ni 1. Ngazi imejirudisha katikati yenyewe wakati kidole kinabofya, oda ikatua bei nyingine. La hatari zaidi ni hili: umefunga pozisheni (biashara uliyokuwa nayo wazi) kwa mkono, ukaisahau oda ya kukata hasara sokoni. Dakika 20 baadaye bei inaifikia, nawe unajikuta umeuza bila kujua. Ziunganishe oda mbili, ya faida na ya hasara, ili moja ikitimia nyingine ifutwe. Kitufe cha kufuta zote kijue hata ukiwa umefumba macho. Kompyuta ikizima, oda zako zinaweza kubaki hai sokoni. Namba ya simu ya dawati la hatari iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe kwenye skrini.

Kuna jambo la foleni ambalo vitabu vya chati huliruka. Kwenye Bund na E-mini, wenye oda za bei moja hutimiziwa kuanzia aliyetangulia. Ukiweka oda ya kununua nyuma ya loti 800, lazima zile 800 ziuziwe au zijiondoe kwanza. Ukiongeza idadi unarudishwa mwisho wa foleni. Ukipunguza unabaki ulipo. Sasa fikiria ni lini loti zote 800 pamoja na yako zinauziwa. Mara nyingi ni pale wauzaji wanapoivunja bei hiyo na kuendelea chini. Oda inayotimizwa upesi na yote ndiyo ya kutiliwa shaka, na bei iliyogeuka bila kukugusa ndiyo uliyokuwa sahihi. Akaunti ya majaribio hulificha hili kabisa, kwa sababu programu nyingi za demo hukutimizia oda bei inapogusa tu. Mwenye matokeo mazuri kwenye demo kwa tiki 1 au 2 asishangae yakiyeyuka kwenye soko halisi.

Habari za uchumi ziwekee kanuni moja: uwe huna pozisheni. Takwimu za ajira za Marekani hutoka saa 2:30 asubuhi ya Washington, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Nairobi na Dar es Salaam ni saa 9:30 alasiri Marekani ikiwa kwenye majira ya joto, saa 10:30 ikiwa kwenye majira ya baridi. Benki Kuu ya Ulaya hutangaza riba saa 8:15 mchana ya Frankfurt, na mkutano wa wanahabari huanza 8:45. Dakika moja kabla, angalia ngazi: loti zinajiondoa, mianya inabaki. Oda ya kukata hasara hapo inatimizwa bei yoyote iliyopo, hata tiki kadhaa mbali.

Usiweke oda unayokusudia kuifuta ili kuwatisha wengine. Marekani ni kosa la jinai kwa sheria ya 2010.

Kabla ya kutia sahihi, soma kipengele cha hasara inayobebwa: hupati mgao mpaka umeifidia ya miezi iliyopita. Uliza ukiondoka unadaiwa au la.

Vijana wengi kwetu huingilia kampuni za mtandaoni zinazouza “changamoto”, yaani mtihani wa kutredi unaoulipia. Nyingi hukuweka kwenye akaunti ya demo, na ada ya kujaribu hairudi ukianguka. Kikubwa kagua kikomo cha hasara kinachofuata kilele cha akaunti. Akaunti ya dola 50,000 yenye nafasi ya kupoteza 2,500 ikifika 51,000, mpaka wako unapanda hadi 48,500. Baadhi huhesabu hata faida ambayo hujaifunga: pozisheni ilipanda dola 1,000 ikarudi sifuri, hukupoteza chochote, lakini nafasi yako sasa ni 1,500.