Wagonjwa wa Kurithi

Katika kliniki nyingi za Marekani zinazofundisha wanasaikolojia, mwaka wa mafunzo huanza Septemba na kwisha Agosti. Sonona haina habari na kalenda hiyo. Ndiyo sababu siku niliyoripoti kazini, pamoja na ufunguo na neno la siri la kompyuta, nilipewa orodha ya watu waliokuwa wakitibiwa na mtangulizi wangu. Baadhi yao walishatibiwa pia na mtangulizi wa mtangulizi wangu. Kwenye mafaili imeandikwa kwamba "wamehamishiwa" kwangu. Mimi nasema niliwarithi.

(Nimebadilisha mambo ya kila mgonjwa ninayemtaja hapa kiasi kwamba hata mwenyewe akisoma hatajijua.)

Bibi mmoja mstaafu, mwenye mkoba usiokwisha vitu, alikaa, akanitazama juu mpaka chini, akauliza: "Wewe sasa ni wa ngapi?" Kabla sijafungua mdomo akahesabu mwenyewe kwa vidole. Wa nne. Basi akaanza kunisimulia maisha yake kama mtu anayejaza fomu: kuzaliwa, ndoa, kifo cha mtoto, kulazwa. Alipofika kwenye kifo akanyamaza kidogo, akaniambia, "Hapa wenzako huwa wananiuliza nilijisikiaje. Nilijisikia vibaya." Akaendelea.

Kwa msioijua njia hii: mtu ameshamaliza shahada ya uzamivu, ameshafanya mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo, watu wanamwita daktari, na bado haruhusiwi kufanya kazi peke yake. Majimbo mengi yanataka saa za kazi chini ya msimamizi kabla ya kutoa leseni, na kila jimbo lina hesabu yake. California inataka saa 3,000, na angalau 1,500 kati ya hizo ziwe baada ya kuhitimu. Halafu kuna mtihani, EPPP, maswali 225 kwa saa nne na robo. Maswali 50 kati ya hayo hayahesabiwi kwenye alama, ila hujui ni yapi, kwa hiyo unayatolea jasho yote. Mwaka 2006 chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilipendekeza kwamba mafunzo yote yanayotakiwa yaweze kukamilika kabla ya kuhitimu. Baadhi ya majimbo yamekubali, mengine hayajakubali. Mimi niko upande wa ambayo hayajakubali, na ndugu zangu wameacha kuuliza nitamaliza lini kusoma.

Sasa lililonifanya niandike. Kliniki ya wagonjwa wa nje haina vitanda. Mtu anakuja, anakaa chini ya saa moja, anarudi nyumbani, na siku nyingine sita yuko peke yake na maisha yake. Kinachomshika ni kujua kwamba wiki ijayo, saa ileile, kuna mtu yuleyule kwenye kile kiti. Ukiondoa uhakika huo umeondoa sehemu kubwa ya tiba. Na sisi tulio mafunzoni tumepangiwa kuuondoa kila Agosti.

Kuna mengine yanayouma zaidi. Bima nyingine hazilipi kabisa huduma ya mtu asiye na leseni. Hivyo pale kwetu mwenye bima nzuri anapangiwa mtaalamu wa kudumu, anakaa naye miaka. Asiye na bima, au mwenye bima ya watu wa kipato cha chini, anapangiwa mimi. Ninapoipitia orodha yangu ninawaona waliohamishwa nyumba na wenye nyumba, waliolelewa na familia tofautitofauti, waliofiwa mfululizo. Hao ndio tuliowachagulia mtaalamu wa mwaka mmoja. Sijamsikia mtu aliyekaa kikao akaamua iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na aliyeachwa mara nyingi ndiye anayeachwa tena, safari hii kwa utaratibu.

Mambo haya hayaonekani kwenye maelezo ya mafaili. Nimeyaona kwenye tarakimu. Kila mgonjwa wetu hujaza dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, anapofika: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, mpaka lile la tisa linalouliza kama mtu anawaza ni afadhali afe. Jumla huanzia 0 hadi 27. Ukifika 10 tunaanza kukuangalia kwa makini, ukifika 20 hali ni mbaya. Jioni moja mgonjwa hakutokea, nikakaa nikachora alama za kijana mmoja tangu alipoandikishwa. Msimu wa baridi yuko 9, 8, 11. Julai 15. Agosti 18. Oktoba anashuka. Mwaka uliofuata, hivyohivyo. Nikasoma maelezo ya wataalamu wa Agosti zote. Mmoja aliandika "msongo wa kifamilia". Mwingine aliandika kwamba mgonjwa ameanza kukosa miadi na "ari imepungua". Wote wawili walikuwa wiki zao za mwisho kazini.

Nikampelekea msimamizi wangu ule mchoro. Tunakaa naye saa mbili kila wiki, na wakati mwingi tunasikiliza sauti za vikao vilivyorekodiwa kwa idhini ya wagonjwa. Ni mtu wa maneno machache. Siku hiyo aliutazama mchoro, akauweka kando, akataka tusikilize kikao cha kijana huyohuyo. Akasimamisha pale kijana anaposema mtaalamu wake wa mwaka jana "alipata kazi nzuri, alikuwa na furaha sana", kisha anacheka. "Rudisha." Tukasikiliza tena kile kicheko. "Rudisha." Ni kicheko kifupi, kimekatika katikati kama kwikwi. Kwa sikio la kawaida ni mtu mchangamfu. Msimamizi akaniuliza swali moja tu: "Wewe utapata kazi wapi, na atakupongeza vipi?"

Tangu hapo ninawaambia wote mapema, tena kwa tarehe. Wapo wenzangu wasiokubaliana na hili. Wanasema ukimtajia mtu siku ya kuondoka mapema, hatakufungukia, atakuchukulia kama mpita njia. Nawaelewa, lakini aliyerithiwa mara tatu hahitaji kuambiwa kwamba mimi ni mpita njia. Anachosubiri ni kuona kama nitakuwa na adabu ya kulisema. Kijana wangu nilipomtajia Agosti, akanuna vikao viwili, akakosa kimoja, kisha akaja na hasira ya kweli, iliyonyooka, iliyokuwa inanihusu mimi. Ulikuwa mwanzo wa kazi nzuri.

Kuna karatasi moja ambayo hakuna aliyenifundisha namna ya kuifunga. Mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua tunaandaa naye mpango wa usalama, ule uliotungwa na wanasaikolojia Stanley na Brown, wenye hatua sita: dalili kwamba mambo yanaharibika, mambo anayoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, watu wa kuomba msaada, wataalamu wa kupiga simu, na kuweka mbali vitu vya hatari. Hatua ya tano ina jina langu na namba ya ofisi. Mwaka ukielekea ukingoni inabidi mkae pamoja muifungue ile karatasi, na jina lako likatwe. Namba 988, ambayo tangu Julai 2022 ndiyo ya dharura za kisaikolojia na mawazo ya kujiua nchi nzima, inabaki. Mstari wa juu yake unabaki wazi, kwa sababu mrithi wangu bado hana jina: mimi ninaondoka mwisho wa Agosti, naye anaanza baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya mwanzoni mwa Septemba, na wiki yake ya kwanza ni ya semina za kompyuta. Tumeomba angalau mwaka huu tupishane kwa siku chache, ili mgonjwa atuone wote wawili chumba kimoja. Utawala umejibu kwamba hakuna fungu la kulipa watu wawili kwa kiti kimoja.

Kilichowezekana ni kidogo. Msimamizi amekubali kuwachukua kwenye orodha yake mwenyewe wagonjwa waliorithiwa mara tatu au zaidi, wasihamishwe tena. Bibi wa mkoba nimeshamuuliza. Amesema atafikiria, kwa sababu huyo msimamizi anaonekana mtu asiyependa utani. Nafasi zilizopo ni mbili, nami nimeandika majina matano. Jumatatu tunakaa kuchagua.