Kabla hujashika dekio

Hii stori ya mtoto kupotea nimekaa nayo miezi, nilikuwa sitaki kuiandika sababu mama mtu ni mdogo wangu na kuna mambo ya ndani ya nyumba yake yanaaibisha kidogo, ila juzi kwenye grupu la kinamama kuna mtu katuma picha ya mtoto anatafutwa, na chini yake watu wanajibu pole sana mwaya tunakuja kukusaidia kazi. Kusaidia kazi! Hapo ndo nikampigia mdogo wangu nikamwambia naandika, akasema andika ila majina usitaje.

Yeye anakaa Tengeru, mimi niko Moshi. Ilikuwa Jumamosi, na mnaoijua Tengeru mnajua Jumamosi ni soko, barabara imejaa watu, ndizi, mitumba, bodaboda, huwezi kujua nani kaingia nani katoka. Binti yake ana miaka nane. Saa nane mchana wakamuita ale, kimya. Wakajua yuko kwa jirani. Saa tisa ndo wakaanza kukimbia. Mimi nimepigiwa simu saa kumi na moja, nikatoka na nilichovaa, nikapanda Coaster ya Arusha, njia nzima nalia huku konda ananidai nauli. Nimefika pale saa mbili usiku na kitu cha kwanza nilichokutana nacho mlangoni ni harufu ya Omo.

Nyumba inang'aa. Yani sijawahi kuiona nyumba ya mdogo wangu safi vile. Kinamama wa jirani walikuja kumi na kitu, wakaona watu wanazidi kujaa, wakafanya tunachofanya wote pakitokea jambo: wakaingia kazini. Mmoja kadeki sebule na korido, mwingine kafua nguo zote za kwenye beseni, mwingine kaingia chumba cha mtoto kakuta kitanda kimevurugika, katoa mashuka, kakung'uta godoro, katandika upya wageni wapate pa kukaa. Vijana wamekusanya taka na kuchoma nyuma ya nyumba. Kwenye kamba shuka na foronya ya mtoto zinachuruzika maji.

Na mimi nawaambia ukweli, nilipoona hivyo nilifurahi. Nikasema mdogo wangu ana majirani. Nikavua kiatu nikaenda jikoni kuosha vikombe!

Saa tatu wakaja askari wawili, RB, yani taarifa ya polisi, ilikuwa imeshafunguliwa mapema (hili nampa sifa shemeji, maana kuna mzee mmoja alishamwambia polisi hawapokei mpaka yapite masaa 24 na yeye akampuuza akaenda, na alifanya vizuri, mtoto hasubiriwi hata saa moja, Marekani kule waliitungia kabisa sheria mwaka 1990 kwamba polisi hawaruhusiwi kumwambia mzazi wa mtoto aliyepotea asubiri). Mmoja alikuwa mama wa dawati la jinsia na watoto, mpole, anaongea taratibu. Akasalimia, akaangalia sebule, akaangalia ile sakafu, akauliza, "Nani amedeki?" Yule jirani akanyoosha mkono kama mwanafunzi aliyejua jibu.

Afande akavuta pumzi. Akaomba apelekwe chumba cha mtoto.

Aliomba vitu vichache tu. Nguo aliyovaa jana ambayo haijafuliwa, iko kwenye kamba. Foronya, iko kwenye kamba. Mswaki, yupo aliyeusafishia sinki kwa kuwa ulionekana umechakaa. Kitana tulikipata, kile cha pinki kimevunjika meno mawili, na nywele zake zimejikunja pale, kiliponea kwa sababu kilidondoka nyuma ya kabati. Nilitaka kukiokota nimpe akaniambia, "Dada, hapana, usikishike." Akavaa glavu, akakitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika saa na mahali kilipotoka.

Nilimuuliza kwanini bahasha na sio mfuko. Akasema plastiki inafungia unyevu, kitu kinaota ukungu, vinasaba vinaharibika, karatasi inapumua. Na zile nywele ni kwa ajili ya DNA kama ikifika huko, zile zenye mzizi ndo nzuri zaidi, na mswaki ungekuwa bora zaidi maana unabeba seli za mdomoni. Hapa kwetu vipimo vyenyewe vinapita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, vina sheria yake ya 2009. Mdogo wangu aliposikia neno DNA akaanza kupiga kelele, akaelewa wanatafuta maiti. Afande akamshika akamwambia mama, navitunza ili nisivihitaji. Watu wa Arusha mnaelewa akili inavyoenda, mtoto akipotea tu unakumbuka Olasiti 2017, wale watoto waliotekwa na wawili wakakutwa wamekufa. Sio rahisi kumtuliza mtu.

Nguo chafu ilikuwa kwa ajili ya mbwa wa polisi. Mbwa anapewa anuse kitu ambacho kina harufu ya huyo mtu peke yake, soksi, foronya, sweta la kulalia, na usikiguse kwa mkono, chukua kwa kibano safi au ingiza mkono kwenye kitu kingine. Ukishakifua kwa sabuni umempa mbwa anuse sabuni. Na hata usipofua, wakikishika watu kumi na kulia nacho, maana kuna shangazi alikuwa amekumbatia sweta la mtoto tangu saa kumi analia nalo, basi na machozi ya shangazi yamo, na jasho lake limo, mbwa atajua shangazi kapita wapi.

Afu kuna hii ya alama za vidole ambayo nilikuja kuisoma baadae na imenikaa kichwani. Alama za vidole za mtoto mdogo zinapotea haraka kuliko za mtu mzima, kwa sababu mafuta ya ngozi ya mtoto kabla hajabalehe ni mepesi, yanaruka na joto. Kwahiyo ile glasi aliyonywea maji mchana, kitasa cha mlango, kioo cha dirisha, tayari muda unavila vyenyewe, na sisi tukaja na kitambaa na Vim tukamalizia. Mimi kwa mikono yangu niliosha kikombe chake cha plastiki chenye sungura. Najua kwa sababu nilikiangalia nikaanza kulia nikakiosha tena.

Sasa mambo ya simu. Huyu mtoto simu yake hana ila anatumia kitochi cha bibi yake, mama wa shemeji, anayekaa nao. Afande akauliza, mtoto ameongea na nani wiki hii? Bibi akasema Alhamisi aliongea na yule dada wa kazi aliyeondoka, walikuwa wanapendana sana, aliacha kazi kama wiki mbili nyuma na mtoto alilia siku tatu. Namba iko wapi? Bibi hakuisevu, ila itakuwa humo kwenye zilizoingia. Tukafungua. Kitochi kinabeba namba chache tu kwenye orodha, na tangu saa tisa bibi alikuwa anapigiwa na ukoo mzima, pole mama, pole bibi, tuko njiani, kila pole inasukuma namba moja nje. Ya Alhamisi ilishatoka zamani. Mdogo wangu naye alikuwa na hiyo namba kwenye simu yake ya zamani iliyoibiwa. Kampuni ya simu wanaweza kutoa rekodi polisi wakiomba ila sio Jumamosi saa nne usiku na wewe umesimama pale unasubiri. Kwahiyo simu ya nyumbani ikitokea hivyo mpe mtu mmoja tu aishike, aiweke chaji, asifute kitu hata meseji za matangazo, namba zilizoingia na kutoka anakili kwenye karatasi kabla poleni hazijaanza, na ndugu wapige namba nyingine.

Kamera ya duka la jirani ilikuwepo pia. Nayo ukichelewa inajirekodia juu yake yenyewe. Ile ilikuwa haifanyi kazi tangu Krismasi, tuendelee.

Nilichotaka hasa kusimulia ni daftari. Afande aliomba madaftari ya shule na chochote anachochorea. Tukamletea begi. Daftari la Hisabati ukurasa wa mwisho umechanwa, umechanwa vibaya, yale meno ya karatasi bado yapo kwenye pini. Akauliza mtoto ana tabia ya kuchana daftari? Mama yake akasema hapana, huyo akichaniwa daftari hali. Kimya. Afu baba mkubwa, kaka yake shemeji, mtu mzima anaheshimika, mweka hazina wa kila kitu kwenye ule ukoo, akakohoa. Akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya mchango wa mafuta ya magari ya kutafutia. Alihitaji karatasi, akaona begi, akachana.

Afande akaichukua kwa ncha za vidole, akaigeuza.

Nyuma, kwa penseli, mwandiko wa darasa la tatu ule wa kubonyeza sana, mtoto alikuwa ameandika KIKATITI, chini yake TENGERU USA MAJI YA CHAI KIKATITI kwa mshale kila mahali, yani vituo vya barabara ya kwenda Moshi, na chini kabisa 1000. Hiyo ni nauli aliyoikisia. Na pembeni kachora nyumba na mtu mwenye kilemba. Dada wa kazi kwao ni Kikatiti.

Baba mkubwa alikaa chini kwenye lile godoro lililotandikwa upya. Ile karatasi ilikuwa mfukoni kwake tangu saa kumi na nusu, masaa sita na zaidi, alikuwa anaitoa kila mtu akichangia anaandika jina anairudisha.

Na mimi nikaanza kuhesabu. Coaster yangu kutoka Moshi ilipita Kikatiti, ikapita Maji ya Chai, ikasimama pale Maji ya Chai kabisa mama mmoja akashuka na ndoo. Nilikuwa upande wa dirisha.

Usiku ule ule gari mbili zikaenda Kikatiti, kwa yule dada hakufika, dada wa watu akaanza na yeye kulia, ikawa vilio viwili. Ila sasa njia ilikuwa inajulikana, kwahiyo afande akaanza kuwapigia wenyeviti wa vijiji vya barabara ile mmoja mmoja badala ya sisi kuzunguka mashamba ya kahawa na tochi tunaita jina. Saa kumi na moja alfajiri balozi mmoja wa nyumba kumi wa Maji ya Chai akapiga. Konda alimshusha mtoto pale nauli ilipoisha, akakaa kwenye benchi la mama anayeuza ndizi, jioni yule mama akaona hachukuliwi na mtu, akampeleka kwa balozi, akalishwa, akalala. Mungu ambariki yule mama popote alipo na biashara yake.

Sasa ukiniuliza leo ningefanyaje. Nyumba tungeikagua kwanza, lakini watu wawili tu, uvunguni, kabatini, kwenye buti ya gari, friji mbovu, simtanki, shimo, maana mtoto anaweza kuwa kalala ndani mnamtafuta nje. Ukishakagua, chumba chake funga, ufunguo uvae shingoni. Wageni wakae nje kwenye turubai, chai ipikwe kwa jirani, choo kwa jirani. Kitanda kibaki kilivyo hata kama kinakuaibisha, taka zibaki, beseni la nguo libaki na harufu yake. Piga 112, na ile 116 ya watoto ni bure. Andika alichovaa kabla hamjaanza kubishana, sisi tulibishana gauni la njano au la kijani mpaka saa nne, alikuwa kavaa suruali. Na picha, jamani, tuliyokuwa nayo ya karibuni ni ya harusi, kapakwa wanja na kasukwa rasta, hata mimi shangazi... mama yake mkubwa, nisingemtambua stendi.

Kitana afande alikirudisha baada ya wiki. Ile karatasi alibaki nayo kwenye faili. Ndo ikawa tatizo jingine, maana chenji ya mafuta ilibaki kama elfu arobaini na kitu, na orodha ya nani kachangia na nani kaahidi iko kituoni, kwahiyo kila mtu anasema alilipa, na baba mkubwa safari hii hathubutu kuomba karatasi kwa mtu.